Picha Nyeusi, Matanga Bila Maiti

Kazi yangu ni kupiga video za matanga. Harusi pia napiga, lakini harusi ina msimu wake na kifo hakina, kwa hiyo watu wengi kutoka Kitale mpaka Bungoma wananijua kwa matanga. Nikimaliza naweka video kwenye ukurasa wangu wa mtandao, ili aliye Nairobi au ng'ambo aone jinsi mtu wake alivyozikwa. Shule niliishia darasa la nane. Nasema hivyo mapema, ili nikikosea mahali ijulikane si kwa ubaya.

Mwaka mmoja nilipiga matanga ya mama mmoja kule Lugulu. Binti yake wa pekee alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumba, na mwajiri alikataa kumwachilia aje kuzika. Alituma barua kwa simu, kaka yake akainakili kwenye karatasi, akaisoma kando ya kaburi, jeneza likiwa bado juu. Kwaya ilikuwa ikiimba polepole nyuma yake. Nilisogea na kamera mpaka viatu vikazama kwenye udongo mbichi. Nilijua huyo binti atataka kuisikia hiyo barua kuliko kitu kingine chochote cha siku ile.

Hakuisikia. Mtandao wa pale ulikuwa dhaifu, sikuweza kurusha moja kwa moja, nikaiweka video kesho yake. Yeye alikuwa akipewa simu yake Ijumaa tu. Ijumaa ilipofika, video ilikuwa imeondolewa. Palibaki ujumbe mfupi kwamba mwenye wimbo amelalamika, na kwamba akiondoa malalamiko yake, video itarudi. Wimbo wenyewe ndio ule kwaya ilikuwa ikiimba nyuma ya barua.

"Basi dada, nitumie tu hiyo kipande ya barua," binti akaniandikia.

Kosa langu liko hapa na sitaki kulificha. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta. Nilikuwa na harusi Moi's Bridge na kadi ninayo moja, kwa hiyo mazoea yangu yalikuwa kuweka video kwenye ukurasa kisha kufuta, nikiamini kwamba kilicho kwenye ukurasa kimehifadhiwa. Ni kama mtu anayeweka mahindi yake kwenye stoo ya jirani. Sikuwahi kujiuliza ufunguo uko kwa nani.

Nilimwambia ukweli. Hakujibu mpaka Ijumaa iliyofuata. "Sawa dada," akaandika. "Lakini usiache kuitafuta."

Sikuacha, ila sikujua nianzie wapi. Mwimbaji mwenye wimbo ule nilimjua kwa sura, mzee mmoja wa Bungoma tuliyekutana naye matanga mengi, lakini niliona haya kumtafuta. Ningemwambia nini? Wimbo ni wake.

Ndipo habari ya mswada mpya wa hakimiliki bungeni ikaingia kwenye kikundi chetu cha wapiga picha cha WhatsApp. Katibu wetu, msichana wa Bungoma mwenye studio ndogo, alitueleza kwa ujumbe wa sauti: "Wasee, hii kitu ikipita tumeisha. Mtu akilalamika, video inashushwa kwanza, halafu wewe ndio unaanza kujitetea. Ukilalamikiwa mara ya pili, ukurasa wote unafungwa. Hata kama ulikuwa unapiga maiti na redio ya jirani ikaimba!"

Nilisikiliza mara tatu. Halafu nikaomba karatasi zenyewe za mswada, nikazisoma na mume wangu jioni mbili, yeye akinisaidia maneno magumu. Kusema haki, si yote yalikuwa mabaya. Wapo wanaochukua wimbo wa mtu, wakaupaka jina lao, wakautangaza kama wao. Nawajua wawili. Kwa hiyo sikuwa na uhakika kama niko upande wa wezi au wa wenye kuibiwa. Lakini hicho kifungu cha kushusha kabla ya kuuliza, hicho nilikikataa. Nilikuwa nimekiona kikifanya kazi yake Lugulu, hata kabla hakijawa sheria.

Tulikubaliana kwamba Alhamisi kurasa zetu zote ziwe nyeusi siku nzima, pamoja na wengine nchi nzima. Maoni ya wananchi kwa bunge yalikuwa yanafungwa Ijumaa jioni. Wenzangu waliweka picha nyeusi na chini yake maelezo marefu na hashtegi. Mimi maelezo niliyaandika mara tano nikayafuta mara tano. Niliogopa mtu atacheka herufi zangu. Mwishowe, alfajiri, nikaweka picha nyeusi tupu, kwenye ukurasa na kwenye WhatsApp, bila neno hata moja. Kisha nikazima simu, maana najijua, ningeuchungulia ukurasa kila dakika.

Mtu wa kwetu ameshaliona kosa. Huku kwetu picha ikigeuka nyeusi, kuna msiba. Hakuna anayeuliza mara mbili. Akipiga simu akute imezimwa, ndio anathibitisha. Anabeba kiti na kuja.

Saa nne asubuhi nilikuwa nafua uani. Akina mama wa kanisa wakaingia sita, na kuni, na maziwa ndani ya jerikeni. Mmoja akaninyang'anya shati mkononi.

"Wewe leo hufui. Keti."

"Kwani kuna nini?"

Wakatazamana. "Maskini," mwingine akanong'ona. "Bado hajaamini."

Kabla sijauliza tena, mwenye duka la karibu na msikiti alikuwa amesimama langoni na pakiti za sukari, amevua kofia. "Poleni sana, mama. Kwetu tungezika leo leo. Nyinyi mmepanga lini?"

"Kuzika nani?"

Akawatazama wale akina mama awasaidie. Wao ndio waliokuwa wanangoja yeye ajibu.

Ndipo nikasikia kilio kutoka barabarani, na sauti niliijua. Shangazi yangu wa Bungoma halii kwa kificho. "Wuuui! Mkwe wangu! Mtoto wetu umemwachia nani!" Aliyemfungulia lango ni mume wangu mwenyewe, kikombe cha chai mkononi.

Shangazi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe si ulikufa?"

"Nani amesema?"

"Bibi yako! Kwa mtandao! Mke akiweka nyeusi na kuzima simu, amekufa nani kama si mume?"

Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mume wangu akauliza kama kwenye chakula cha matanga yake kutakuwa na nyama, maana asubuhi alipewa chai kavu. Nikalazimika kusimama mbele ya watu wote na kueleza mswada, kurasa na ile picha. Si wote waliocheka. Mama mmoja mzee alikunja uso: "Binti yangu, kifo hakichezewi. Mimi nimeacha maziwa yangu bila kuuza." Alikuwa na haki. Nilimwomba msamaha, na hata leo nikikumbuka naona haya.

Nyuma ya shangazi alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye koti jeusi. Nikamtambua. Ni yule mwimbaji. Kumbe anasali kanisa moja na shangazi, akaambiwa mume wangu amefariki, akaja ili amwimbie.

Ningeweza kunyamaza siku ile. Aibu ilikuwa tayari imenitosha. Lakini nikamkumbuka binti na ile "usiache kuitafuta" yake.

"Mzee," nikasema, "karibu. Ila wimbo wako ndio ulishusha video yangu ya Lugulu."

Hakugeuza macho. "Ni mimi nililalamika. Si hiyo peke yake, ni nyingi. Nilifundishwa kubonyeza, nikabonyeza."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa nini? Huo wimbo nilitunga mke wangu akiwa hospitalini, na hakutoka. Leo naketi matanga nasikia mtu anasema, ati huo ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe. Na mimi niko hapo hapo, nimeshika sahani! Wewe mama wa kamera, uliandika jina langu?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Shangazi akakohoa.

"Na wewe mzee ukibonyeza, uliuliza? Uliangalia kwanza ni nani analia hapo ndani?"

"Niliona jeneza. Majeneza yote si yanafanana."

Nikamweleza habari ya binti, ya barua na ya kadi niliyoifuta. Nilimweleza bila kupunguza kosa langu. Akaomba chai, akainywa yote.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "huyo msichana anangojea barua yake, na mimi nimeikalia."

Nikawasha simu yangu, naye akatoa yake, tukayatafuta malalamiko yake pamoja. Alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, akikataa kusaidiwa. Alipomaliza akaniangalia kwa ukali. "Usifikiri nimegeuka. Hiyo mswada mimi naitaka ipite. Hii moja naachilia kwa sababu ya barua."

"Basi tuandike," nikasema.

"Tuandike nini?"

"Maoni. Yako na yangu. Yanafungwa kesho."

Viti vilikuwa vimeshapangwa kwa ajili ya matanga, na kuni zilikuwa zimeshawaka. Nikachana karatasi ya daftari. Sikufuta hata mara moja safari hii, labda kwa sababu nilikuwa nimetazamwa na watu wengi mno. Niliandika kwanza kwamba kila wimbo una mwenyewe, na sisi wapiga video tumezoea vibaya, lazima tuombe ruhusa na tutaje jina. Halafu nikaandika kwamba video ya mtu isishushwe kabla hajaulizwa, kwa sababu huwezi kujua ndani yake kuna nini. Mwimbaji alitia sahihi chini ya neno la kwanza tu. La pili alilipitia mara mbili, akarudisha kalamu. Sikumsukuma. Akina mama wanne walitia sahihi kote, na mwenye duka pia. Yule mama mzee alikataa, akasema mambo ya bunge yana mwisho mbaya, kisha akatukorogea uji.

Nilimpigia katibu picha ya karatasi ili aitume kwa barua pepe.

"Nirekebishe makosa?" akauliza.

"Herufi rekebisha. Maneno yaache."

Yalifika kabla ya saa ya kufunga. Mswada wenyewe, mpaka naandika haya, sijasikia umeishia wapi. Kama ukirudi, karatasi ya pili ninayo tayari. Siku hizi nikifika matanga, kabla ya kuweka kamera naenda kwanza kwa kwaya na kuuliza wimbo ni wa nani. Wengine wananicheka. Na kadi nimeongeza ya pili.

Video ilirudi baada ya siku kadhaa. Jina la mzee niliandika juu kabisa. Ijumaa nilikaa na simu mapajani mpaka ujumbe ukaingia.

"Nimesikia, dada. Asante. Lakini kaka aliruka mstari."

Akanitumia ule mstari. Ulikuwa unasema: Mama, wale bata mzinga wawili hawakuibwa, niliwauza mimi ili nipate nauli ya kwenda kuchukua pasipoti, na nimekuwa nikitaka kukwambia. Chini yake akaongeza, "Wewe uliitafuta sauti yangu. Nenda unisomee kwa mama."

Nilikwenda Lugulu Jumapili baada ya kanisa. Kaka mtu alinipeleka kaburini, hakubisha. "Watu walikuwa wengi," akasema. "Ningesomaje hiyo mbele ya majirani? Kuna mtu tulimshuku miaka yote." Nilimwelewa. Hata mimi sijui ningefanya nini nikiwa mahali pake.

Udongo ulikuwa umeshakauka na majani machache yameota. Kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani Kitale. Nilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo, na kaka mtu alisimama pale pale akasikiliza zote mbili.