Nilikunywa Maji ya Shangazi, Akatolewa Binti wa Watu

Kosa ni langu, msimtafute mwingine wa kumlaumu. Tangu masika ninalo, na kila nikiketi barazani kwangu hapa Kibiti linanichoma kuliko mshono.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikifika sokoni nimeshasafiri. Basi mwenzenu nikapata busha, nikalifuga! Miaka minne nalivalia msuli mpana nikidhani halionekani, kumbe majirani walishalipachika na jina.

Mwisho nikapelekwa hospitali kupasuliwa. Aliyenipokea wodini ni binti mwembamba, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa mazoezini, daftari kalikumbatia kama msahafu. Hakunificha kitu.

"Baba, atakayekupasua ni daktari bingwa. Mimi nitakushona mwisho, yeye kasimama pembeni ananitazama. Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho hapa na sijashona mtu bado. Bila sahihi yake humu daftarini, narudia mazoezi yote."

"Yaani mimi ndiye kitambaa chako cha kwanza?"

"Cha kwanza, baba. Na nitakushona kuliko fundi wako wa kanzu."

Tukacheka. Kisha akanikazia macho: kuanzia saa sita usiku nisile, nisinywe. Akarudia tena, akanionesha na jagi lililokuwa kando ya kitanda. "Hata maji, baba. Hata funda moja."

Alfajiri akaingia shangazi yangu, aliyekuja kuniuguza. Sisi asili yetu Wamatumbi wa kule vilimani, na Vita vya Maji Maji kwa shangazi ni kama vimekwisha juzi. Akachomoa chupa kwenye upindo wa kanga, maji yana punje za mtama.

"Kunywa. Babu mzaa babu yako aliyanywa haya haya, akaziendea bunduki za Mjerumani kifua wazi. Seuze kijisu?"

"Kwani, shangazi, huyo babu alirudi?"

"Hakurudi. Alivunja mwiko."

Nilicheka mpaka kitanda kikalia. Lakini woga, jamani! Kidato cha nne changu chote nikakiweka chini ya mto, nikanywa chupa nzima.

Kwenye chumba cha upasuaji, binti akaniuliza, "Baba, hujanywa kitu?"

"Hata tone."

Wakaniketisha, wakaniambia niiname nikumbatie mto, nichomwe sindano ya ganzi mgongoni. Nikainama. Lahaula! Tumbo likabanwa, na maji yote yakanitoka mdomoni kwa kishindo, yakatua juu ya mabuti meupe ya daktari bingwa.

Daktari akatazama chini.

"Huu ni mtama?"

Nikajifuta mdomo kwa shuka.

"Nauliza, huu ni mtama?" Akamgeukia binti. "Wewe, hukumwambia mgonjwa asinywe?"

Binti alinitazama mimi, anangoja niseme. Neno moja tu!

Nikasema, "Hakuniambia kitu, daktari."

Upasuaji ukaahirishwa. Binti akaambiwa avue glavu, atoke. Mchana akapita wodini, begi begani, macho mekundu.

"Baba, nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, mwanangu."

"Haya. Upone."

Hakunitukana. Ee Mola, si bora angenitukana!

Siku mbili nzima nikawa nakusanya ujasiri. Nilipomweleza daktari ukweli, aliniangalia weee, kisha akasema, "Mzee, umechelewa. Amekwenda kuyarudia yote, hospitali nyingine." Akaahidi kuandika barua chuoni kwao. Kama aliandika, na kama waliisoma, sijui.

Wiki iliyofuata nikapasuliwa, akanishona daktari mwenyewe, wala sikunywa hata mate yangu. Busha limekwisha, msuli unanipwaya, na sokoni naitwa Mzee Mtama. Stahili yangu. Shangazi ndiye hajakubali kushindwa. "Maji yalifanya kazi," anasema. "Siku ile kisu si kilikimbia?"

Kisu kilikimbia, ndiyo. Kikaenda kumkata binti wa watu.

Nyie mnaongoja kupasuliwa, mkikatazwa kunywa, msinywe. Na kama mmeshakunywa, semeni mmekunywa, kabla mtama haujasema wenyewe. Wangu ulisema, na bado nikabisha!

Na wewe binti, kama gazeti hili limekufikia huko uliko: uliniambia. Mara mbili. Na jagi ulinionesha.