Stika ya Mama Klachi

Ni lini mara ya mwisho ulipofanya kazi ovyo, huku ukijua kabisa kwamba unaifanya ovyo? Usikimbilie kujibu. Mimi nina wiki mbili nalitafakari swali hili, na kila nikidhani nimepata jibu la kunitoa lawamani, namkumbuka mama yangu mdogo akiwa amekalia mikono yake.

Mama mdogo ni mwalimu wa udereva. Ana miaka hamsini na minane, na ufupi wake ni wa kukalia mto ili aione barabara. Kwa miaka ishirini na miwili amefundisha kwa kigari kimoja tu, kidogo, cha milango miwili. Wanafunzi wanamwita Mama Klachi kwa sababu ndilo neno linalomtoka kuliko yote. "Klachi, mwanangu. Klachi! Achia taratibu, hujakanyaga nyoka hapo." Wale ambao shule nyingine zimewachoka ndio wake: wajane walioachiwa magari wasiyojua hata kuyawasha, wastaafu, waoga, na watu waliowahi kugonga kitu wakaapa kutorudia.

Ana utaratibu mmoja asiouvunja. Hamshikii mwanafunzi usukani. Gari likianza kuelekea mtaroni, walimu wengine huurukia. Yeye huingiza viganja chini ya mapaja yake, akavikalia, kisha akasema kwa sauti ya chini linalotakiwa kufanywa. Breki ya mguu anayo upande wake, na huikanyaga mtu akiwa hatarini. Lakini kwa mikono, hapana. "Nikikushikia leo," husema, "kesho utanitafuta wapi?" Mimi mwenyewe nilijifunza kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Niliusukuma uzio wa nyumba yake kwa bampa ya nyuma, polepole, mpaka ukalala chini. Alikuwa amekalia mikono muda wote. Uzio ulipotulia alisema, "Haya. Sasa weka gia ya kwanza, turudi mbele tukauinue."

Mwaka huu ofisi ya leseni ilitangaza kwamba magari ya kufundishia lazima yawe na milango na boneti ya njano, na maneno GARI LA MAFUNZO yasomeke vizuri pande zote mbili. Kupaka rangi upya kungelilaza gari gereji wiki mbili, na wanafunzi wangeenda wapi? Akaamua livalishwe stika, ile karatasi laini ya plastiki yenye gundi nyuma, inayolazwa juu ya rangi mpaka ukadhani ni ngozi ya gari lenyewe. Kazi alimpa Wembe, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye karakana nyuma ya duka la matairi. Wembe naye alijifunza udereva kwa Mama Klachi. Siku ile gari lilirudi linawaka kama kiini cha yai, na mama mdogo akalizunguka mara nne akijifanya anatafuta funguo.

Siku ya tatu malengelenge yalianza kutokea mlangoni. Mimi nilisema. Yeye akasema ni jua tu. Siku ya tisa, Jumatano asubuhi, tukiwa njiani kutoka sokoni, upepo ulipenya chini ya stika ya mlango wa kushoto ukaikunja hadi katikati. Yaliyobaki kusomeka ni GARI LA, basi. Tulipoegesha, mwendesha baiskeli mmoja alisimama, akasoma, akauliza, "Gari la nani?" Akaenda zake anacheka.

Mama mdogo hakucheka. Kesho yake, saa mbili asubuhi, nesi wetu wa zahanati alikuwa na mtihani wa leseni kwa gari lile. Nesi ana miaka arobaini na sita na alikuwa ameanguka mara tatu, zote kwenye kuondoa gari lililosimama mlimani. Na zahanati ilikuwa imeletewa gari la kwenda kuwaona wajawazito walioko mbali, limekaa nje miezi miwili linapigwa vumbi kwa kukosa dereva. Nesi ndiye aliyejitolea kuwa dereva. Mkaguzi akilikataa gari langoni, tarehe nyingine ingepatikana baada ya miezi minne. Akina mama wale wasingeweza kusubiri miezi minne. Mimba haina kalenda ya ofisi.

Sasa mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nimetoka chuo mwaka jana, na naamini mpaka leo kwamba kazi mbovu ni dhuluma, kwa sababu anayeumia siku zote ni mtu wa tatu ambaye hata hakuwepo. Nilikaa kwenye meza ya jikoni kwa mama mdogo, nikaandika malalamiko kurasa nne, pande zote mbili. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

"'Uzembe wa mkono mmoja ni kilio cha nyumba kumi.' Hii mlifundishwa chuoni?"

"Nimeitunga mwenyewe, mama."

"Nzuri. Ikunje, twende kwa Wembe."

"Nikamsomee?"

"Akafanye masahihisho."

Wembe tulimkuta ameinamia gari jeusi la mteja. Alipouona mlango wetu, kibao cha plastiki cha kulainishia stika kilimponyoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unaona?"

"Naona." Akajikuna shingo. "Niachie mpaka Jumamosi, mwalimu, nitalishughulikia vizuri."

"Nesi ana mtihani kesho saa mbili."

"Basi nipige gundi ya haraka hapo pembeni. Itashika, hata wiki itashika."

Nilifungua mdomo na kurasa zangu nne zote zikawa tayari ulimini. Mama mdogo akanitangulia, kwa upole kabisa.

"Wembe, mimi nilikufundisha kuondoka mlimani kwa kuweka jiwe nyuma ya tairi?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi."

Wembe alilitazama gari jeusi, akatutazama sisi, akampigia simu mwenye gari jeusi akamwomba radhi. Tulilisukuma nje wote watatu. Kigari chetu kikaingia mahali pake. Mama mdogo akaomba stuli, akaiweka hatua mbili kutoka mlangoni mwa gari, akaketi, akaingiza viganja chini ya mapaja.

"Aa, mwalimu! Usinikalie mikono, tafadhali. Nilishapata leseni mimi."

"Anza."

Akawasha mashine yake ya kupuliza hewa ya moto, akapasha ukingo, akavuta. Stika ilitoka bila ubishi, kama utando juu ya maziwa. Wembe akasimama. Akapitisha kidole kwenye bati, kidole kikateleza. Akakinusa.

"Mwalimu, kabla ya kuniletea gari hili, lilipakwa nini?"

Nilimwona mama mdogo akinitazama mimi kwanza, halafu sakafu.

"Polishi," alisema. "Jumapili nzima. Kopo zima. Sikutaka lije kwako kama gari lisilo na mwenyewe."

Kitambaa cha kung'arishia Jumapili ile nilikishika mimi. Yeye alipaka, mimi nikasugua, milango yote miwili na boneti, mpaka tukajiona humo kama kwenye kioo. Tuliliogesha gari kama mtoto anayepelekwa kwa daktari, tukamkabidhi fundi bati lenye mafuta, kisha nikaandika kurasa nne.

Nilisubiri Wembe alidake hilo ajitetee nalo. Mlango wa kutokea tulikuwa tumemfungulia wenyewe. Badala yake alitazama rafu, kwenye chupa ya spiriti iliyojaa mpaka shingoni.

"Ningepangusa kwa spiriti ingetoka," alisema. "Ndiyo hatua ya kwanza kabisa, hata mwanafunzi anaijua. Nililiona linavyong'aa, nikasema ya nini kujisumbua? Na kingo sikuzipasha moto. Nilikuwa na magari mawili siku ile."

"Unajua ulichokiruka?"

"Najua, mwalimu."

"Leo usikiruke."

Kazi ilianza saa nne asubuhi. Wembe alipangusa mara tatu, nami nikimpa vitambaa safi, kimoja kimoja, kama msaidizi chumba cha upasuaji. Stika ya njano iliyobaki kwenye roli ilitosha milango na boneti, bila hata shubiri ya ziada. Akikosea palepale, tumekwisha. Alipohitaji karatasi ngumu ya kuzuia wembe usiguse mpira wa dirisha, mama mdogo alisema bila kugeuka, "Mwombe msomi, anazo nne." Nilizitoa. Bado naamini kila neno nililoliandika humo. Tatizo lilikuwa anwani; jina langu halikuwamo.

Pabaya palikuwa kona ya chini ya mlango wa kushoto, bati linapojikunja kuingia ndani. Stika ikafanya makunyanzi. Wembe akavuta, yakaongezeka. Jasho likamtoka kidevuni. Nikaona mabega ya mama mdogo yakiinuka, viganja vikitaka kuchomoka. Anajua kushona, ana vidole kuliko sisi sote, na alikuwa hatua mbili tu. Alivikalia.

"Inyanyue," alisema kwa sauti ile ile. "Yote. Irudishe ilipotoka. Hakuna anayekupigia honi nyuma."

Wembe alivuta pumzi, akanyanyua, akapasha moto taratibu, akailaza tena kuanzia katikati kwenda nje. Makunyanzi yakapotea moja baada ya jingine. Kisha akaipasha kona ile mara ya pili, hata sisi tulipodhani amemaliza, akaisukumia ndani kwa kidole gumba na kuihesabia mpaka thelathini. Maneno ya mwisho yalikaa mlangoni jua likianza kuwa jekundu kwenye mabati ya duka la matairi.

"Umepita," mama mdogo alimwambia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaitoa mikono. Ilikuwa na alama za mistari ya stuli. Akamshika Wembe shavu. "Sasa nenda kamwombe radhi tena mwenye gari jeusi."

Asubuhi iliyofuata nilienda na mama mdogo na nesi kwenye ofisi ya leseni. Tulimkuta Wembe amefika kabla yetu, amesimama nje ya uzio wa waya, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkaguzi alilizunguka gari. Kwenye mlango wa kushoto alichuchumaa, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chini, mara moja, mara mbili. Haukunyanyuka. Akaingia ndani, nesi akawasha gari, wakaondoka.

Mama mdogo alikaa kwenye benchi juu ya mikono yake. Kutoka pale kilima kinaonekana. Tuliliona lile doa la njano likipanda, likasimama katikati, likarudi nyuma kidogo sana, kama mtu anayefikiri. "Klachi," mama mdogo alinong'ona. "Klachi, mama yangu, klachi." Likasimama kabisa. Kisha likapanda.

Liliporudi, nesi alitoka na karatasi ya kufaulu mkononi, analia na kupunga ile karatasi juu kama anafukuza inzi. Wembe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Aliingia getini, akampita nesi, akapiga magoti kando ya mlango wa kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye kona ya chini, polepole, mwanzo hadi mwisho. Ndipo akainua kichwa.

"Eti mwalimu," aliuliza, "na nesi naye amepita?"