Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Wanyama, Mbukusu muuza vitabu vikuukuu huko Nakawa, alijisifu kuwa hakuna riwaya ya ukoo ambayo hajaimaliza. Mdomo tu! Nabangala, mtu wa kwao, akamjia na mtoto aliyekuwa akilia tangu jana. Kwao mtoto wa hivyo huitiwa majina ya wafu hadi anyamaze; lile analonyamazia huwa lake, kwani mfu huyo ndiye aliyerudi ndani yake. Nabangala alikuwa ameyamaliza ya ukoo wake.

"Chukua riwaya hii, dada, imejaa mababu!" Wanyama akatania, akamsomea mtoto majina yao.

Alipofika jina la Wekulo, mtoto akanyamaza, akamkodolea macho.

"Wekulo alikuwa mtu gani, kaka?"

Wanyama akafunua kurasa asizowahi kuzisoma. Wekulo alimkaba mama yake hadi kufa.

Akaanza kutaja majina mengine, mbiombio, lakini mtoto alikwisha lala, mkono shingoni mwa mama.