Jina Ndani ya Kaseti

Fundi wetu wa mtaa wa Chemchem hutengeneza kaseti za gemu za zamani kwa mkono wake: hung'oa chipu ya kaseti moja, akachomelea chipu ya gemu jingine kwa risasi iliyoyeyushwa. Ncha ya moto ya chuma cha kuchomelea huipitisha kwenye nta ya nyuki itokayo kijiji cha Ipole, basi kibanda chake hunukia mzinga. Na kaseti yoyote, hata ya kuvunjwa, huiwasha kwanza kwenye runinga yake ndogo aitazame. Ukimharakisha atakujibu, "Hata kuku unamtazama kabla hujamchinja."

Juzi mteja mmoja, Advera, alileta kaseti ya gemu la mpira wa miguu ibadilishwe iwe gemu jipya la mwanawe. Fundi akaiwasha. Kwenye nafasi ya kwanza ya michezo iliyohifadhiwa pakatokea jina: ANSELM.

"Dada, huyu nani?"

"Kaka yangu." Akaisogelea runinga. "Tulimzika Machi. Sikujua kama yumo humo."

Fundi hakung'oa chipu. Jina lile lilishikiliwa na kibetri kilichokaribia kuisha, kwa hiyo akachomelea kipya ubavuni, ndipo akatoa cha zamani. Akaiwasha tena: ANSELM.

"Mwanao achezee nafasi ya pili," akasema, akikaza skrubu. "Ya kwanza ina mwenyewe."