Posa Ndefu Kuliko Vita

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa miaka kilichonikera zaidi ni gemu. Lilikuwa gemu la vita vya kale vya Ulaya: unakusanya askari, unateka ngome, unapanda cheo mpaka unakuwa mtawala. Zuri, lakini theluji tupu. Nikaamua kulitengenezea modi, ile nyongeza ambayo mashabiki huiunda wenyewe na kuipachika juu ya gemu la watu. Vita vyote nikavileta pwani yetu, zama zile Tongoni ilipokuwa mji wenye watu na si magofu. Nikajiapiza humo hakutakuwa na uongo. Askari akivaa chuma mwili mzima kwenye jua la saa saba, anazimia, basi.

Kazi hiyo niliifanyia nyumbani kwetu Pongwe, nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza simu. Siku nilipoiweka kwenye kundi la wachezaji, mtu wa kwanza kuijaribu akanitumia ujumbe wa sauti. Sauti ya kike, ya Tanga mjini kabisa.

"Kaka, hongera. Ila askari wako wanakula bada. Wakati huo muhogo ulikuwa haujafika huku, umekuja na Wareno. Wape mtama."

Niliwaka. Bada, ugali wetu wa muhogo, ndiyo iliyonilea, leo mtu aniambie haikuwepo? Siku mbili nzima nikatafuta hoja ya kumjibu, nikakosa. Nikawapa mtama.

Alikuwa mwalimu wa historia, anakaa Makorora kwa wazazi wake, familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Oman. Tangu siku ile hakuniacha salama. Mara milango imekaa vibaya, mara nguo za matajiri si hizo. Nami, haya niseme tu, nikaanza kuacha makosa makusudi ili anitumie ile sauti.

Lakini kosa kubwa kuliko yote sikulikusudia. Katika gemu la asili, ukishinda mapambano matatu na ukamsomea binti wa mtawala beti mbili, umeoa. Hilo nililiacha kama lilivyo.

"Baba hajaulizwa, shangazi hajaulizwa," akasema. "Huyo kaoa au kaiba?"

Akaniandikia mpango mzima upya. Mchezaji atafute washenga, wazee wenye ulimi mzuri. Washenga waanzie kwa shangazi wa binti, maana kwa baba hakuendwi moja kwa moja. Pawepo kilemba cha baba na mkaja wa mama. Halafu kungoja. Hata maneno ya baba mtu, tajiri mmoja wa Tongoni, aliyaandika yeye. Wachezaji wa mbali walilalamika kweli. Mmoja alisema ameshateka miji mitatu na jibu la posa bado, posa gani hiyo ndefu kuliko vita. Tulicheka mpaka nikapaliwa.

Siku moja nikajikaza, nikamuuliza: na mimi nikitaka kuleta posa kwenu, nianzie wapi? Siku nzima nikawa naichungulia simu. Sijapata kuona siku ndefu vile. Kisha ukaja ujumbe mfupi: "Si nimeshakuandikia? Anza kwa shangazi."

Mjomba wangu na jirani yetu mmoja wakaenda, kwa njia ileile. Shangazi akawapokea vizuri, akawafikisha kwa baba. Baba akawajibu, "Tumesikia. Tupeni muda." Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Tukapata habari kwamba anauliza watu: huyo kijana wa Pongwe, wa huko bara, ndiye anayeshinda kwenye magemu? Nilikonda. Nikataka niende mwenyewe nikaseme naye, mjomba akanikataza, akanikumbusha kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, japo nilikuwa nachemka.

Mwezi wa tatu nikaitwa. Niende na hilo gemu, mzee alione kwa macho yake.

Nikafika asubuhi, nikatoa shikamoo, nikafungua kompyuta sebuleni. Nilimchagulia mhusika rahisi, kijana wa bara anayeshuka pwani na asali na pembe. Mzee akavaa miwani. Biashara akaielewa upesi kuliko mimi, amezaliwa dukani. Akapata mali, akapata jina, akajenga nyumba ya mawe. Kisha akaona pale palipoandikwa binti wa tajiri wa Tongoni, akasema kwa utulivu, "Haya, huyu kijana aoe."

Akatuma washenga. Wakarudi na jibu: kwao ni bara mno. Akaongeza zawadi, akatuma tena: binti bado mdogo. Mara ya tatu: tumesikia, tupeni muda. Mzee akavua miwani, akanigeukia, uso umemwiva.

"Huyu baba anataka nini? Kijana ana adabu, ana kazi yake, kaja kwa njia. Sasa anangoja nini?"

Mimi nikatazama mkeka. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

"Muulize, Baba," akasema. "Majibu yake nimeyaandika mimi. Mengine nimeyasikia humuhumu sebuleni, ukiwajibu washenga waliopita."

Nikajua mambo yameharibika, nikaanza kufikiria nitamwambia nini mjomba. Mzee akaivaa tena miwani yake, akayasoma yale majibu matatu pole pole, moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akashika ubavu.

Alipotulia akapokea kikombe, akanywa, akaniambia bila kunitazama, "Waambie wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala. Waje na siku ya kufunga ndoa."

Nikaitika, naam, mzee. Nilitaka kusema zaidi, lakini machozi yalikuwa yameshatangulia, na binti yake alikuwa bado ananikodolea macho kutoka mlangoni, anacheka.