Mama Seli aomba seli ziachwe zitulie

Saa mbili asubuhi, katika maabara ya utafiti, Mama Seli, kama wenzake wanavyomwita, anavua pete, ananawa mikono hadi viwikoni na kuvaa glavu. Anafungua kabati la joto, anatoa kisahani cha plastiki kidogo kuliko kiganja na kukiweka chini ya hadubini.

"Mmeamkaje, mabinti?"

Mabinti hao ni seli za ovari za binadamu, zilizotolewa kwa hiari na wanawake waliokuwa kwenye matibabu ya uzazi. Maabara inachunguza jinsi zinavyotumia sukari kupata nguvu ya kutengeneza homoni, na kwa nini kwa baadhi ya wanawake huchoka mapema.

Kwa mama huyu wa miaka arobaini na saba, swali hilo si la vitabuni. Dada yake alikoma hedhi akiwa na miaka thelathini na moja, hajapata mtoto.

"Kila daktari alisema hajui sababu," anasimulia. "Nikasema, basi mimi nitakaa na wanaoitafuta."

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara. Miaka sita baadaye akafundishwa kulisha seli. Lakini mwaka jana mambo yalikwenda mrama: kwa miezi saba, seli zote zilizoletwa zilikufa ndani ya siku tatu. Mradi ulikuwa ukingoni mwa kufungwa.

Yeye ndiye aliyeng'amua kwamba watafiti, kwa hamu yao, walizitoa kuzitazama kila baada ya saa mbili. Hazikupata nafasi ya kujishika kwenye kisahani.

"Daktari, ziacheni zitulie siku mbili," alimwambia mkuu wa maabara. "Hata mimi ningeamshwa kila saa mbili ningekata kamba!"

Daktari alicheka, kisha akabandika karatasi mlangoni: USIFUNGUE.

Siku ya tatu walipochungulia, seli zilikuwa hai, zimetanda kisahani kizima.

"Mama alipiga kigelegele hadi mlinzi akaja mbio," anasema daktari. "Na mimi nikaitikia!"

Jioni hiyo alimpigia dada yake simu. "Mimi nimeshapitwa," dada alimwambia, akilia na kucheka kwa pamoja, "lakini wengine wasipitwe."

Mwezi ujao Mama Seli anaanza stashahada ya maabara, chuo kilekile anachosoma bintiye.

"Mama, tafadhali usikae mbele, utaniaibisha," binti anamtania.

"Nitakaa mbele hapohapo, macho yenyewe haya hayaoni mbali!" anajibu. "Na nikimaliza, nataka na mimi niandike swali langu, watu walitafutie jibu."