Kiko Chini ya Ungo

Kalinga wa Ilula alikuwa msukaji wa matenga, yale makubwa ya mianzi ya kupakilia nyanya na vitunguu. Alisukia kando ya barabara kuu, mbele ya nyumba yake, tenga katikati ya magoti. Kazi yake ilikuwa na vituo. Akimaliza kitako cha tenga, kiko. Akifika kiunoni, kiko. Akifunga mdomo, kiko tena. Tumbaku aliilima mwenyewe nyuma ya zizi. Watu walisema ukitaka kujua Kalinga amesuka matenga mangapi, tazama majivu.

Mwaka wa hamsini na sita, baada ya mavuno, mkewe Severina alifariki. Kifua kilikuwa kimemshika tangu mvua. Siku tatu kabla hajaondoka alimwita mumewe kitandani. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi.

"Baba Lea, na wewe unakohoa."

"Kidogo tu."

"Nakusikia. Acha hicho kiko. Usinifuate mbiombio. Lea akose mama na baba pamoja?"

Kalinga akasema ataacha. Severina akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Haki yake kucheka. Kila Kwaresima Kalinga aliahidi kuacha tumbaku, mbele ya watu, kwa sauti. Jumatano ya Majivu anatangaza, Ijumaa kiko ki mdomoni. Mwaka mmoja katekista alimuuliza, "Kalinga, kwako Pasaka imeshafika?" Watu walicheka mpaka Pasaka yenyewe.

Kwa hiyo safari hii aliamua kutomwambia mtu. Akishinda, wataona. Akishindwa, atajua yeye na marehemu.

Matanga yalipoanuliwa na wageni kwenda zao, alichukua kiko akakitia ndani ya chungu alichokuwa Severina akipikia togwa. Juu yake akafunika ungo wa Severina, wenye unga bado kwenye nyufa. Alijua anachofanya. Kifuniko kingine angekifunua. Ule ungo, mkono ungekataa.

Siku ya kwanza ilikwenda kwa hasira. Alifika kitako cha tenga, mkono ukaenda wenyewe mfukoni, ukakuta mfuko mtupu. Alipofika kiunoni ukaenda tena. Akaupiga kofi, kama mtu anavyompiga mbuzi aliyeingia shambani. Akatafuna punje za mahindi makavu mpaka taya zikauma.

Siku ya pili kichwa kiligonga. Vidole vikatetemeka, kisu kikamkata gumba. Moshi wa jirani ukapita, moshi wa kuni tu, naye akajikuta amesimama, pua juu, kama mbwa aliyenusa nyama. Akaona aibu, akakaa. Lakini siku hiyo alijifunza jambo. Ile kiu haikai. Inakuja kama lori linalopanda mlima. Unalisikia tangu mbali, linanguruma, linakaribia, unadhani litakupanda. Halafu linapita. Basi kila ilipokuja alishika fito mbili za mwanzi, akavuta, akakaza, akangoja ipite.

Mchana akafika Mwanakhamisi, mama wa Kiislamu aliyefanya biashara ya nyanya Iringa mjini. Alikuja kuchukua matenga yake. Akainua moja, akaligeuza.

"Mzee Kalinga, hili tenga au gereza?"

"Tenga."

"Kidole hakipiti! Nyanya zangu zitapumulia wapi? Zitafika mjini zimeiva kwa jasho. Una hasira na nani, mzee wangu?"

"Sina hasira na mtu."

"Basi mianzi imekukosea." Kisha akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Pole, baba. Najua nyumba imekuwa kubwa. Yafumue taratibu, nitapita tena."

Akafumua.

Siku ya tatu, alasiri, akaja Sedekia. Huyu alikuwa Mlutheri na Kalinga Mkatoliki, lakini kwa miaka thelathini walivuta kiko kimoja kila alasiri. Alikaa ng'ambo ya barabara, akifuga nyuki na kuchimba mizizi ya dawa. Severina alipozidiwa, Sedekia ndiye aliyechemsha dawa ya kifua, akamnywesha kwa mkono wake. Siku ya pili yake Severina akafa. Matanga yalipokwisha, Sedekia alikwenda Mbeya kumwona mwanawe, na sasa ndiyo amerudi.

"Kamwene, mnyalukolo, ndugu yangu."

"Kamwene."

Sedekia akakaa, akatoa kiko, akashindilia, akawasha. Akavuta mara mbili. Kisha akakitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama desturi.

"Shika. Tumbaku ya Mbeya hiyo. Kijana wangu wa Iyunga kanipa. Nimeibeba njia nzima sijaionja, nakungoja wewe."

Harufu ikamwingia Kalinga mpaka magotini. Lile lori likaja, na safari hii halikupita, likasimama. Akaificha mikono ndani ya tenga.

"Leo hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kesho."

"Wala kesho."

Kiko kikabaki hewani. Kwa watu wa huko, kiko kilichotoka mdomoni mwa mwenzako hakikataliwi. Mwenyewe huvuta kwanza, ili uone hakina sumu. Ukikataa baada ya hapo, umesema unauogopa mkono wake. Na ukikataa kaburi la mkeo likiwa bado bichi, umesema zaidi ya hayo. Kalinga aliyajua haya tangu utoto. Saa ile hakuyakumbuka. Alikuwa anaikumbuka mikono yake tu, isitoke ndani ya tenga.

"Hapana kwa mkono wangu?" Sedekia akauliza polepole.

Kalinga akauma meno. Mate yalimjaa. Angefungua mdomo, neno ambalo lingetoka ni "lete."

Sedekia akakung'uta kiko chini, moto wote, tumbaku yote. Akavuka barabara bila kuaga.

Asubuhi ya nne Lea alikuja mbio kutoka kwa mumewe, khanga imemshuka begani.

"Baba! Umemfanya nini baba mkubwa Sedekia?"

"Nimemfanya nini?"

"Tangu jana hajala. Kisimani wanasema umeukataa mkono wake. Wanasema unamdai roho ya mama kwa ile dawa. Sasa mwenyewe amewaita wazee, anataka kuapa mbele yao. Mzee mzima, baba! Mtu aliyemhurumia mama!"

Kalinga akaweka kisu chini.

"Nilikataa tumbaku."

"Ukamwambia kwa nini?"

"Nimwambie, halafu Ijumaa mnicheke?"

Lea akatazama ndani, akauona ungo wa mama yake juu ya chungu. Akakaa chini polepole.

"Umeacha kweli?"

"Leo siku ya nne."

"Basi nenda ukaseme."

"Nani ataamini? Kila mwaka nasema. Watasema mzee anatafuta pa kujifichia."

Lea akapandisha khanga begani. Ilikuwa kweli. Njia fupi ilikuwapo, na Kalinga aliiona. Aende, avute mara moja tu mbele ya wazee, kutoka mkononi mwa Sedekia, mambo yaishe. Mara moja tu, tena kwa wema. Kiu ikasema, unaona? Hata Severina angekubali.

Akasimama. Akaenda kwenye chungu, akaweka mkono juu ya ungo. Unga ukamshika vidoleni. Akasimama hivyo. Kikohozi kikamjia, kikamkunja, akakohoa mpaka machozi. Kilipomwachia, alibaki ameinama akiwaza. Kisha akauacha ungo pale pale, akatoka.

Kwa Sedekia, wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye vigoda. Sedekia alivaa koti lake la kanisani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu," akasema, kama anavyokaribishwa mgeni.

"Sedekia, ile dawa ya kifua imebaki?"

"Imebaki. Ya nini?"

"Ile uliyompa Severina?"

"Ile ile. Mzizi ule ule."

"Nipe. Nakohoa."

Wazee wakatazamana. Sedekia akaingia ndani, akarudi na dawa ndani ya kata. Akainua kata kuelekea mdomoni kwake, aonje kwanza, kama ilivyo desturi. Kalinga akamshika mkono.

"Usionje. Lete hivyo hivyo."

Akanywa yote. Ilikuwa chungu kama nyongo. Akafuta midevu, akarudisha kata kwa mikono miwili.

Sedekia akaigeuza ile kata tupu juu chini.

"Sasa kiko ulikikatalia nini, mtu wewe?"

"Nimeacha tumbaku. Severina aliniomba."

Mzee mmoja akakuna kidevu. "Kumbe mwaka huu Kwaresima imeingia mwezi wa nane."

Wakacheka wote. Sedekia akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, haikujulikana vizuri.

"Si ungesema!"

"Ningefungua mdomo ningesema lete."

"Miaka thelathini," Sedekia akasema, akivua koti. "Miaka thelathini, na hunijui. Ungesema, ningekizima."

Kesho yake alasiri Sedekia alivuka barabara. Alikuwa amevuta kwake, akasukutua kwa maji, na bado alikwenda kukaa upande unakoelekea upepo. Hakuwa na kiko. Alibeba muwa, akaukata kwa panga pingili kwa pingili.

"Tafuna, mnyalukolo. Sauti ni mbaya lakini moshi hakuna."

Wakatafuna, wakitazama magari. Mwenzake alipoondoka, Kalinga alitia pingili mbili mfukoni.

Mwanakhamisi aliporudi, alipitisha kidole kati ya fito za tenga. Kikapita. Akapakia matenga yake, akaenda zake. Kalinga akaanza jingine. Kiu haikuwa imeondoka. Alipofika kitako, mkono ukaenda wenyewe mfukoni, ukakuta muwa.

Mle ndani, ungo ulikuwa bado juu ya chungu.